Mahali Mkono Unapotua

Nilikuwa nimerusha mishale kwa karibu mwaka mzima kabla ya kugundua kwamba sikujua mkono wangu wa kulia ulikuwa ukiishia wapi. Nilijua jicho langu linatazama nini, nilijua mguu upi unatangulia, na ningeweza kumweleza mtu yeyote jinsi ya kuweka mkia wa mshale kwenye upote, yaani kamba ya upinde. Lakini kama mtu angeniuliza ncha ya kidole changu cha shahada ilikuwa imegusa sehemu gani ya uso sekunde moja kabla ya mshale kuondoka, ningemjibu kwa kukisia. Jambo hilo dogo ndilo lililokuwa likitawanya mishale yangu, nami nilikuwa nikiulaumu upepo, nikiilaumu mishale yenyewe, na wakati mwingine nikiyalaumu macho yangu.

Mimi ni mshonaji. Nina kibanda cha kushonea katika komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi, chenye cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga. Upinde niliupata kwa yaya wangu, kama tunavyomwita ndugu mkubwa hapa kwetu, ambaye kazi yake ya kusafirisha bidhaa humpeleka hadi Afrika Kusini kwa kupitia Kasumbalesa na Zambia. Mwaka 2021 alirudi na upinde wa mbao wenye tabaka nyembamba za fibaglasi, wa ile aina inayofunguka vipande vitatu, usio na kifaa chochote cha kulengea. Alikuwa ameununua kwa matumizi yake, lakini kwa kuwa hakai nyumbani wiki mbili mfululizo, upinde ulibaki kwangu, nami nikaupenda kwa namna ambayo sikuitarajia. Kiwanja cha familia yetu kiko upande wa komuni ya Annexe, ambako nyumba zinaanza kuachana, na nyuma yake kuna kichuguu kikubwa cha aina inayojulikana sana Katanga, kirefu kupita paa la nyumba na kipana kama ukuta. Mbele ya kichuguu hicho tulisimamisha gunia lililoshindiliwa vitambaa chakavu vya kazini kwangu. Gunia liliilinda mishale isivunjike kwenye udongo mgumu, na kichuguu kilitupa amani kwamba mshale ukilikosa gunia hautamfikia mtu.

Mahali ambapo mkono unaovuta upote hufika na kutulia usoni kabla ya kuachia, mimi na yaya tulipaita kituo. Kila mrushaji anacho, awe anajua au hajui. Wale tunaowaona kwenye Michezo ya Olimpiki, wanaolenga shabaha yenye upana wa sentimita 122 kutoka umbali wa mita 70, huweka mkono chini ya kidevu, na upote ukagusa kidevu na pua, kwa sababu upinde wao una kifaa cha kulengea na hawauhitaji mshale wenyewe uwe karibu na jicho. Sisi tunaotumia upinde mtupu huuleta mkono juu zaidi, kwenye pembe ya mdomo au kwenye shavu, ili mshale ukae chini ya jicho na macho yaweze kuusoma mwelekeo wake hata kama akili haishughuliki nao. Kwetu sisi, kwa hiyo, mkono ulioko usoni ndio nusu nzima ya kulenga. Ncha ya mshale iko mbele, ambako tunaiona. Mkia wake uko nyuma, ambako hatuuoni, na kitu pekee kinachotuambia uko wapi ni ngozi ya uso wetu.

Kazi yangu imenifundisha kuheshimu sentimita, na siku niliyopiga hesabu hii sikulala mapema. Urefu wa mvuto wangu, kuanzia upote ulipo usoni hadi kwenye kishikio cha upinde, ni kama sentimita 68. Mkono wa mbele ukibaki palepale na mkia wa mshale ukapanda au kushuka sentimita 1 tu, mshale umebadilisha pembe kwa sehemu moja kati ya 68, na kwa umbali wa mita 15 tofauti hiyo inakuwa sentimita 22 kwenye gunia. Sentimita 1 ni upana wa ncha ya kidole changu kidogo. Kuna hesabu nyingine inayokwenda pamoja na hiyo: kwa upinde wa nguvu ya kawaida, kila sentimita 1 unayopungukiwa katika kuvuta hupunguza nguvu ya upinde kwa karibu nusu kilo, na mshale unaosukumwa na nguvu ndogo huanguka mapema. Mkono unaotangatanga, basi, unaiharibu pembe na unaiharibu nguvu kwa wakati mmoja.

Nilipolielewa hilo, nilifanya kosa ambalo nadhani watu wengi hulifanya, yaani nilidhani dawa ya mkono unaotangatanga ni kuukaza. Niliubana mkono shavuni kwa nguvu, nikakaza kiganja, nikakaza kifundo, nikauma meno, nikajiambia kwamba sasa hautakwenda popote. Kwa mishale mitatu au minne ilionekana kama nimefaulu. Baada ya hapo mishale ilianza kwenda kushoto, kwa sababu mkono uliobanwa usoni hauwezi kuachia upote moja kwa moja nyuma. Vidole vilivyokaza huuvuta upote pembeni vinapofunguka, mkono ukaruka mbali na uso kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Mdomo wangu wa chini ulipata alama nyekundu, na wateja wawili waliniuliza nimepatwa na nini.

Ndipo nikakumbuka chaki. Chaki ya mshonaji huacha alama hata kwenye ngozi, nami ninazo za rangi ya buluu, njano na nyeupe. Jumapili moja ya mwezi wa Juni 2022, asubuhi yenye ile baridi yetu ya kiangazi inayowalazimisha watu kuota jua ukutani, nilipaka chaki ya buluu kwenye ukingo wa kidole cha shahada, nikarusha mshale mmoja, nikaenda kujitazama kwenye kioo kidogo nilichokuwa nimekitundika mtini. Nilipima alama kwa utepe wa kupimia, nikaandika kwenye daftari, nikafuta uso, nikarudia. Msichana ninayemfundisha kazi alisimama upande wangu, nyuma ya mstari wa upote, akiangalia alama nyingine niliyoichora kwenye mshale ili aniambie imefika wapi ninapoachia. Tulifanya hivyo kwa mishale 24.

Daftari lile ninalo hadi leo. Mishale 6 ya kwanza iliacha alama karibu pamoja, chini kidogo ya pembe ya mdomo. Kuanzia wa 7 alama zilianza kusogea mbele, kuelekea kidevuni, na ile alama ya kwenye mshale haikufika tena mahali pake. Kufikia mshale wa 15, umbali kati ya alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ulikuwa karibu sentimita 2, na kwenye gunia mishale ilikuwa imetawanyika kwa zaidi ya sentimita 40 kutoka juu hadi chini. Hesabu na gunia vilikubaliana. Lakini jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa la mwisho: katika mishale 4, uso wangu haukuwa na alama yoyote, na mimi mwenyewe ningeapa kwamba nilikuwa nimeugusa.

Nilirudia jaribio hilo siku ya kazi, jioni, umeme ulipokatika na cherehani ya umeme ikanyamaza. Alama zote zilikuwa chini kuliko zile za Jumapili, kwa karibu nusu sentimita. Nilikaa na swali hilo siku nne kabla ya kupata jibu, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu, kwa maana halisi. Tunapopindua nguo, sisi washonaji hubana pini kati ya midomo, tano au sita kwa wakati mmoja, na kwa muda wote huo taya limekazwa na midomo imevutwa ndani. Mtu akifanya hivyo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mdomo haukai tena mahali pake unapoutoa kazini. Pembe ya mdomo ni nyama tupu. Inapanda ukitabasamu, inashuka ukichoka, inasogea ukiuma meno, na taya nalo hufunguka na kujifunga bila kukuomba ruhusa. Nilikuwa nimejenga kituo changu juu ya kitu kinachosogea.

Kutoka hapo nilianza kutafuta mfupa. Nilijaribu kwa siku kadhaa mbele ya kioo, bila upinde, nikiwa nimeshika uzi tu kama upote, hadi nikapata mambo matatu ambayo hayabadiliki kwa hali ya siku. La kwanza ni jino la chonge la juu, ambalo kidole cha shahada hulisikia kupitia mdomo uliofungwa, mradi meno ya juu na ya chini yagusane kidogo bila kuumana. La pili ni pembe ya taya chini ya sikio, ambako fundo la kidole gumba huingia nyuma ya mfupa na kukaa. La tatu ni unyoya wa mshale, ambao hugusa ncha ya pua ikiwa kichwa kimekaa sawa, na usipogusa huniambia kwamba nimeinamisha shingo kama nilivyozoea kuinama kwenye cherehani. Yaya aliyaita mashahidi watatu, na kwa kweli yanafanya kazi hiyo: mmoja akikosekana, ninaurudisha upote taratibu bila kuachia, ninapumua, ninaanza upya. Kurudisha upote mshale ukiwa bado umeshikwa ni jambo la kawaida na la heshima. Usilolifanya kamwe ni kuachia upote mtupu usio na mshale, kwa maana nguvu yote inayopaswa kuondoka na mshale hubaki ndani ya mbao na inaweza kuupasua upinde.

Lakini kuwa na mahali sahihi hakukuniletea utulivu. Hilo nilifundishwa na mzee jirani wa kiwanja chetu, mtu aliyezaliwa upande wa Kamina na aliyewinda kwa upinde katika ujana wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta upote hadi usoni. Alivuta hadi kifuani, akiwa ameinama, kwa kuwa alimkaribia mnyama kiasi cha kuhesabu hatua, na namna hiyo ilimtosha. Sikutegemea, basi, kwamba angekuwa na la kusema juu ya kituo changu. Alikaa kwenye kiti chake asubuhi moja akanitazama nikirusha mishale kama kumi, kisha akasema, "Mama, huo mkono umeusimamisha. Hujautua."

Nilimwomba anieleze. Alinyoosha kidole kuelekea barabarani, ambako watu wa makala, yaani wauza mkaa, walikuwa wakipita na baiskeli zao kutoka msituni, kila baiskeli ikiwa imebeba magunia yanayomficha mtu anayeisukuma. Alisema kwamba mtu wa makala akisimama ili kumpisha gari, amesimama tu. Mzigo bado uko mikononi mwake, miguu imekaza, na ukimkawiza ataanza kutetemeka. Akifika anapokwenda na kuiegemeza baiskeli kwenye ukuta, hapo ndipo ametua, na utamjua kwa pumzi yake. "Wewe ukifika hapo usoni, pumzi yako inakatika," alisema. "Bado umebeba."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu niliyowahi kusikia, labda kwa sababu lugha yetu ilikuwa imekwisha kuyasema kabla yetu: kituo, kutua na kutulia vyote vimetoka kwenye shina moja, nami nilikuwa nimeitumia kila siku ile ya kwanza bila kuzisikiliza zile mbili nyingine. Mkono unaofika usoni na kusimama huko umebeba uzito wote wa upinde kwenye vidole, kifundo na kiganja. Mkono unaotua umeuacha uzito uende kwingine. Na mahali unapokwenda panaelezeka vizuri: ni misuli iliyoko kati ya mafupa mawili ya mabega. Kiwiko cha kulia kikiendelea kuzunguka kidogo kuelekea nyuma, hata baada ya kidole kuligusa jino, mgongo ndio unaoushika upinde, na sehemu ya mkono huo kati ya kiwiko na vidole hubaki kama kamba yenye ndoano mwishoni. Vidole vinashika kwa sababu vimepinda tu. Mgongo wa kiganja umenyooka, kifundo kimelegea, kidole gumba hakibani kitu. Hapo kuachia huwa ni kuacha kushika, wala hakuna kinachofunguliwa kwa nguvu, na mkono wenyewe huteleza nyuma kando ya taya hadi chini ya sikio, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukiuvuta huko tangu mwanzo.

Mzee huyo ndiye pia aliyenieleza, siku nyingine, kuhusu viegemeo vya pinde katika ufalme wa Waluba, ambavyo vilihesabiwa miongoni mwa alama za mamlaka: ufito wenye matawi matatu juu, mara nyingi ukiwa na umbo la mwanamke lililochongwa, uliohusishwa na mwindaji Mbidi Kiluwe, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa baba wa Kalala Ilunga, shujaa anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa ufalme huo. Havikuonyeshwa hadharani ovyo. Sisemi kwamba vina uhusiano na kidole changu na jino langu, ila nilifurahi kujua kwamba watu wa nchi hii waliona inafaa kuuchongea upinde mahali pa kupumzikia, wakapaheshimu mahali hapo kama walivyouheshimu upinde wenyewe.

Ilinibidi pia kukubali ukweli ambao yaya alikuwa amenidokezea mapema, nami nikakataa kwa kiburi: upinde ulikuwa mzito kwangu. Uliandikwa ratili 45 kwa mvuto wa inchi 28, yaani kama kilo 20 mshale ukivutwa sentimita 71, na kwa mvuto wangu mfupi zaidi ulikuwa karibu kilo 19. Niliweza kuuvuta, na kwa sababu niliweza, nilidhani unanifaa. Mtu anaweza pia kubeba gunia la makala kutoka mlangoni hadi jikoni, lakini hataweza kulishika huku akifikiria jambo jingine. Katika safari yake iliyofuata yaya aliniletea vile vipande viwili vinavyopinda, vya ratili 28, karibu kilo 13, tukavifunga kwenye kishikio kilekile. Nilipovuta kwa mara ya kwanza nilisikia uso wangu. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Kabla ya siku hiyo, kwa mwaka mzima, uzito ulikuwa ukipiga kelele kiasi kwamba ngozi haikuweza kusema lolote. Sasa nilisikia jino, nikasikia mfupa wa taya, nikasikia hata mshono wa kile kipande cha ngozi cha kukinga vidole nilichojishonea mwenyewe. Kwa yeyote anayeanza, ningemwomba asinunue upinde asioweza kuushika usoni kwa muda wa pumzi mbili tulivu.

Kiangazi kilichobaki, kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba, nilikitumia kwa kazi ambayo haikupendeza kuitazama. Nilisimama hatua nne kutoka kwenye gunia, bila shabaha yoyote, nikahakikisha hakuna mtu wala kuku mbele yangu, nikaweka mshale, nikauelekeza katikati ya gunia, kisha nikafumba macho. Kichwa kiligeuka kwanza na kukaa. Mkono ndio ulioufuata uso, maana uso unaoufuata mkono huenda mahali papya kila mara. Nilivuta huku pumzi ikiingia, nikalisikia jino, nikausikia mfupa, nikaisikia pua, kisha nikaitoa nusu ya pumzi, na katika kutoa huko mabega yalishuka yenyewe na mzigo ukaondoka mkononi. Nilikaa hivyo kwa sekunde mbili au tatu, nikaachia. Mishale 30 kila jioni, hakuna hata mmoja uliohesabiwa kuwa umelenga au umekosa. Jirani mmoja alimuuliza yaya kama macho yangu yameharibika.

Nililegeza taya kwa njia rahisi: kabla ya kila mshale nilitamka neno "maji" kimya kimya, kwa kuwa linaufungua mdomo na kuurudisha, na baada yake meno hugusana bila kuumana. Kazini niliacha kabisa kubana pini midomoni, nikajishonea kimto kidogo cha kuchomekea pini na kukifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ilinichukua muda kukizoea. Nywele nazo nilianza kuzisuka kwa kuelekea nyuma na kuzifunga kitambaa, na hereni nikazivua, kwa kuwa upote unaopita karibu na taya hauchagui kitu cha kukwaruza.

Mapema mwezi wa Septemba nilirudisha shabaha, sahani ya karatasi iliyopakwa rangi nyekundu, na nikapata pigo ambalo sikulitarajia. Mkono uliokuwa ukitua vizuri mbele ya gunia tupu ulikataa kufika. Nilipoiona tu ile karatasi, vidole viliachia mshale mkono ukiwa bado uko hewani, sentimita tatu au nne mbele ya uso, na sikuwa nimeamua kuachia. Hapo nikazielewa zile alama 4 zilizokosekana kwenye jaribio la chaki. Ni tatizo linalojulikana kwa warushaji wa mishale kila mahali, wazoefu kwa wageni: jicho likishaona kwamba mshale umeelekea kwenye shabaha, mwili huharakisha kumaliza, na kinachorukwa ni kutua. Wengine huhisi kinyume chake, mkono ukagandamana chini ya shabaha na kukataa kuinuka hadi katikati. Si udhaifu wa tabia, na kujikemea hakulitibu. Kwangu lilikuwa jambo la kuumiza, kwa sababu nilikuwa nimeipenda sana kazi ile ya zaidi ya mwezi mmoja, na sekunde moja ilitosha kuonyesha kwamba nilikuwa nimeifundisha sehemu moja tu ya nafsi yangu.

Nilichokifanya ni kuivunja ile ndoa kati ya kuona na kuachia. Kwa wiki moja nilivuta mbele ya shabaha, nikatua, nikakaa pumzi moja, nikaurudisha upote bila kurusha. Mara kumi, bila mshale hata mmoja kuondoka. Wiki iliyofuata nilimwachia yule msichana uamuzi. Nikishatua, yeye aliyesimama nyuma yangu angesema "rusha" au "rudisha", nami sikujua ni lipi hadi nililisikia. Siku za kwanza aliposema "rudisha" vidole vilitaka kwenda hata hivyo, na kuvizuia kulinitoa jasho kuliko upinde wa kilo 19 ulivyowahi kunitoa. Tulianza kwa hatua nne, tukaenda sita, tukaenda kumi. Kila tuliposogea nyuma, tatizo lilirudi kidogo, nasi tukarudi mbele. Kufikia mwisho wa Oktoba, mawingu ya mvua yakianza kujikusanya kila alasiri, nilikuwa mita 15 tena, na nilipopaka chaki ya buluu kwa mishale 24 kama mara ya kwanza, alama zote zilikaa ndani ya eneo dogo kuliko kifungo cha shati. Mishale kwenye gunia haikukaa yote ndani ya sahani, kwa kuwa kuna mambo mengine mengi ya kujifunza, kama vile kishikio na mkono wa mbele. Lakini ule mtawanyiko wa juu na chini ulikuwa umepungua hadi upana wa viganja viwili.

Mvua za Novemba na Desemba zilinikatiza, maana upinde wa mbao haufurahii kulowana na njia ya kufika kwenye kiwanja hugeuka tope. Niliporudi baada ya siku 16, mshale wa kwanza uliacha alama chini ya kidevu. Sikuhuzunika. Nilisogea hadi hatua nne, nikafumba macho, nikaanza kwa mishale 30.

Sasa yule msichana naye ameanza kuvuta, kwa kutumia vile vipande vya kilo 13 ambavyo kwake ni vizito kidogo, kwa hiyo tunamwekea muda mfupi. Siku ya kwanza nilimpaka chaki ya njano nikamwonyesha jino langu, nikamwambia aweke kidole palepale, na kidole chake hakikufika popote pa maana: uso wake ni mfupi kuliko wangu, vidole vyake ni virefu, na chonge lake la juu limeota nyuma kidogo. Alipojilazimisha kuufuata uso wangu, bega lake lilipanda hadi sikioni. Tukatundika kioo mtini, nikampa uzi mahali pa upote, tukakaa alasiri nzima tukisogeza kidole chake kwa upana wa uzi huohuo, juu kidogo, nyuma kidogo, hadi alipofika kwenye ukingo wa mfupa wa shavu, chini ya jicho, nikaona mabega yakishuka kabla hajaniambia lolote.